Kigango Hakina Chipu

Najua nimepotea. Kazi za watu zilinibana, na nilipopata nafasi nikawa nimechoka kuandika. Leo nimerudi na jambo ambalo limenikaa kichwani tangu Agosti. Si habari ya programu mpya wala ya simu mpya. Ni historia. Wale waliozoea nikiwaeleza jinsi ya kutengeneza tovuti watanisamehe, ila wavumilie mpaka mwisho, maana chipu zimo.

Mambo yalianzia hapa hapa Bofa, nyumbani kwangu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka ufuoni. Dada yangu anaishi Uingereza, na mwezi huo alikuja likizo Kilifi na mwanawe wa miaka tisa. Mtoto alikuwa na mfuko wa sanamu ndogo za plastiki, zile za Nintendo zinazoitwa amiibo. Siku hiyo hiyo Baba Mkubwa alikuwa ameshuka kutoka Ganze kuja kuwaona wageni. Akaketi kwenye kiti cha kamba, akamtazama mjukuu wake akiweka sanamu moja juu ya mashine ya gemu. Mashine ikalia, na mtu yule yule wa plastiki akatokea kwenye kioo, yuko hai, anatembea.

Mzee akauliza, "Huyo wa chini ndiye aliyemwita huyo wa juu?"

"Ndiyo, Babu. Yumo ndani yake."

"Na ukimpoteza huyo wa chini?"

"Basi, yule mwingine haji."

Mzee akanigeukia. "Mwanangu, kumbe Wazungu nao wana vigango."

Nilicheka sana. Usiku, wageni walipolala, nilijikuta sicheki tena.

SANAMU YENYE CHIPU

Tuanze na plastiki, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Biashara ya sanamu za gemu zenye chipu ilishika moto Oktoba 2011, kampuni ya Activision ilipotoa gemu la Skylanders. Ulinunua gemu, kisha ukawa unanunua sanamu, moja moja, na kila sanamu ilifungua mhusika wake. Disney wakaingia mwaka 2013 na Disney Infinity, Nintendo wakaja na amiibo Novemba 2014, na Lego wakafuata mwaka 2015. Soko lilijaa haraka likachoka haraka. Disney waliacha mwaka 2016 na Lego mwaka 2017. Kati ya hao wote, amiibo ndizo zilizodumu.

Ndani ya kitako cha amiibo mna chipu moja ndogo na waya mwembamba uliozungushwa. Hamna betri. Ukiisogeza karibu na mashine, mawimbi ya redio ya mashine ndiyo yanayoipa nguvu ya kuamka na kusema jina lake. Ndugu zangu wa Nairobi mnaoikumbuka kadi ya BebaPay, ile ya Google na benki ya Equity iliyoanza mwaka 2013 ikafungwa mwaka 2015, mlishika teknolojia ya ukoo huo huo mkononi mkipanda matatu.

Chipu ya amiibo inaitwa NTAG215, imetengenezwa na kampuni ya NXP. Ina baiti 540 tu, na kati ya hizo ni 504 unazoweza kuziandikia. Aya hii unayoisoma ingeijaza karibu yote. Kila chipu hutoka kiwandani na namba yake ya baiti saba ambayo haifanani na ya nyingine. Nintendo walichukua namba hiyo wakaifunga pamoja na habari za mhusika kwa ufunguo wa siri, wakatia na sahihi ya kihisabati, ili habari za sanamu moja zisiweze kuhamishiwa kwenye chipu nyingine. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi.

Tatizo ni lile lile la kila siku. Ufunguo lazima uwemo ndani ya mashine, na mashine iko sebuleni kwa mteja. Haikuchukua muda mrefu funguo zikajulikana, na programu za kusoma na kuandika habari hizo zikatapakaa mtandaoni. Kikaja hata kifaa kimoja cha duara kama sarafu, kilichoweza kubeba sanamu nyingi kwa pamoja na kujifanya yoyote kati yao. Skylanders nao walikuwa wamejenga juu ya teknolojia ya Mifare Classic, ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walikuwa wameonyesha tangu mwaka 2008 kwamba kufuli lake linavunjika.

Na bei? Hapo mwanzo amiibo iliuzwa kwa takriban dola 13 za Marekani. Lakini baadhi ya wahusika walitolewa wachache, wakakauka madukani kabla ya Krismasi ya 2014, na walanguzi wakawauza kwa bei mara kadhaa ya ile ya dukani. Sanamu moja ya Samus iliyotoka kiwandani na kosa, ina mizinga mikono yote miwili badala ya mmoja, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 2,000. Kumbuka kwamba chipu yake ilikuwa sawa kabisa na ya wenzake. Hakuna aliyekuwa akinunua zile baiti 540. Watu walinunua ule upungufu.

NAMI NILIKUWEMO

Ndugu msomaji, nikisema mengine nisiseme na langu, nitakuwa mnafiki.

Miaka michache iliyopita niliagiza stika tupu za chipu hizo, kama mia hivi, kwa kutaka tu kujua zinavyofanya kazi. Nilifanikiwa kunakili wahusika ishirini. Vijana wa mjini wenye mashine wakasikia, wakaja. Nikawa nazibandika stika kwenye kadi ngumu, naziuza shilingi 200 kila moja, na nilimwambia kila mtu wazi kwamba hii ni nakala. Nilijiona mkweli kabisa.

Baada ya mwezi mmoja nikaziona kadi zangu zikitangazwa kwenye kundi la simu, zimechapishwa picha nzuri juu, bei shilingi 1,500, na neno ORIJINO kwa herufi kubwa. Mwuzaji alikuwa mmoja wa wateja wangu. Mama mmoja alikuwa ameshamnunulia mwanawe tatu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mimi sikudanganya mtu. Yule kijana alidanganya. Lakini bila kazi yangu ya usiku asingekuwa na cha kudanganyia. Niliacha, na stika zilizobaki ziko kwenye droo hadi leo.

Naitaja habari hii kwa sababu mnyororo ule, yaani anayetoa kwa bei ndogo, anayepitisha, na anayenunua mwisho bila kujua au bila kutaka kujua, ndio mnyororo nitakaowaonyesha sasa. Ila wa sasa si wa plastiki.

KIGANGO NI NINI

Kwa msomaji wa mbali: sisi Wamijikenda ni makabila tisa ya pwani ya Kenya, na kati yetu Wagiriama ndio wanaojulikana zaidi kwa vigango. (Ndugu Mkatoliki, usichanganye na kile kigango cha parokia. Hicho ni kingine.)

Mtu wa kawaida akifariki, huweza kukumbukwa kwa koma, kijiti kifupi kisichokuwa na urembo mwingi, kilichochomekwa ardhini. Kigango ni cha mtu wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na mali, ambao kuingia kwake kuligharimu mifugo na karamu. Mzee wa Gohu akifariki, huenda ikapita miaka. Kisha ataonekana ndotoni, au ugonjwa na balaa vitaandama mji, na mganga atasema mzee anadai. Hapo ndipo fundi anaitwa.

Hukatwa mti mgumu kama muhuhu ambao mchwa haumwezi kwa urahisi. Huchongwa kichwa, mara nyingi cha duara kama sahani, shingo nyembamba, na kiwiliwili kirefu bapa kama ubao, hakina mikono wala miguu. Kifuani na mgongoni hutiwa nakshi za pembetatu, safu kwa safu, zilizochimbwa kwa patasi na kisu. Vingine ni vifupi, vingine humpita mtu mzima kwa kimo. Husimamishwa penye boma, huvishwa vitambaa, hupewa mnazi na damu ya mnyama, na hapo marehemu amepata mahali pa kukaa. Mambo yakiharibika, watoto wake wanajua waende wapi kusema naye.

Neno muhimu kuliko yote ni hili: kigango hakihamishwi. Mji ukihama, watu wakafuata shamba jipya au malisho, kigango hubaki pale pale kilipo mpaka kioze. Kubaki peke yake msituni si kutupwa, kama vile kaburi halitupwi kwa kuwa watu wamehamia mjini.

Na hapo ndipo mfanyabiashara alipopata mlango.

SOKO

Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wapenda sanaa wa ng'ambo walivigundua vigango. Kwa jicho la jumba la sanaa la Los Angeles au New York, mti mrefu uliopigwa na jua na mvua ya miaka hamsini, wenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu, ulikuwa kama kazi ya mchongaji wa kisasa. Vilinunuliwa na matajiri na waigizaji wa Hollywood. Kitabu kizima juu ya sanaa hiyo kilitoka Marekani mwaka 1986, kimeandikwa na Ernie Wolfe III, mwenye jumba la sanaa aliyeviuza huko.

Huku nyumbani, mwizi alikuwa kijana asiye na kazi. Alikuja usiku, akachimba, akabeba. Alilipwa kidogo, mara nyingi chini ya bei ya mbuzi. Kutoka kwake kigango kilifika kwenye duka la vinyago Mombasa au Malindi, na kule mwisho wa safari bei ilikuwa dola elfu kadhaa. Umeona mnyororo? Shilingi 200, shilingi 1,500.

Wauzaji walikuwa na hoja yao, na ni haki niieleze. Walisema walivinunua madukani, mchana, kwa risiti. Walisema vigango vilikuwa vimeachwa na wenyewe, nguvu yake imeshazimika, ni mbao tu, na wasingevichukua vingeoza. Mtu wa kompyuta anaielewa hoja hii mara moja. Amiibo ukitaka kuiuza, unaingia kwenye mashine, unafuta jina la mwenye zamani na habari zake, na sanamu inakuwa mpya kwa mnunuzi. Wao walidai kigango kimeshafutwa hivyo. Ila hakuna mzee yeyote wa Gohu aliyewahi kueleza kwamba kigango kina kifungo cha kufuta. Hoja ya kuzimika ilitoka kwa mwenye faida nayo.

Na nakala? Zimo pia. Bei ilipopanda, mafundi wakachonga vinyago kwa mfano wa kigango kwa ajili ya watalii, na vingine vikatiwa uzee wa kuigiza. Nakala ya wazi, iliyochongwa na fundi na kuuzwa kama pambo, mimi sina ugomvi nayo. Baba Mkubwa naye hana. Kichekesho ni kwamba mnunuzi wa ng'ambo aliitaka ile halisi, na uhalisi wake aliupima kwa dalili zile zile zinazoonyesha kwamba imeibwa: mti uliopasuka kwa jua, chini palipoliwa na udongo, mabaki ya sadaka. Kadiri kilivyoonekana kimeng'olewa mahali fulani, ndivyo bei ilivyopanda.

PICHA YA 1985

Sasa nifike kwenye kisa kilichobadilisha mambo.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Kentucky, alikuwa kwenye utafiti huku kwetu. Mzee mmoja wa Kigiriama, Kalume Mwakiru, alikuwa amesimamisha vigango viwili kwa ajili ya ndugu zake waliofariki. Udvardy akampiga picha mzee akiwa amesimama kando yavyo. Muda mfupi baadaye vigango vile viwili vikaibwa. Alipomrudia mzee kumpelekea picha yake, mzee alimwomba amsaidie kuvitafuta. Fikiria uzito wa ombi hilo. Mbao mbili, katika dunia nzima.

Miaka 14 ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika huko Marekani, mtafiti mwenzake, Linda Giles, akaonyesha picha za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha Illinois. Udvardy yuko ukumbini. Akakiona kimoja. Akakijua.

Kigango cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Hampton ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Watu ambao babu zao walivushwa bahari kwa nguvu walikuwa, bila kujua, wamewekewa babu wa watu wengine waliovushwa bahari vivyo hivyo.

Mwaka 2003 Udvardy, Giles na John Mitsanze, Mkenya aliyekuwa akifanya kazi na Makumbusho ya Taifa ya Kenya huku pwani, walichapisha utafiti wao. Walikuwa wamehesabu vigango karibu 300 katika makumbusho 19 ya Marekani. Mtu mmoja anatoa zawadi, anapata nafuu ya kodi, makumbusho yanapata kitu cha kuonyesha, na karatasi zote ziko sawa.

Mwaka 2007 vigango viwili vya familia ya Mwakiru vikarudishwa kwa sherehe. Mzee Kalume mwenyewe alikuwa ameshafariki. Waliovipokea ni familia yake.

Wengine wakafuata, polepole. Makumbusho ya Denver yalikuwa na vigango 30, zawadi iliyotolewa mwaka 1990 na mwigizaji Gene Hackman na mtayarishaji wa filamu Art Linson. Mwaka 2014 ikajulikana kwamba Denver imekubali kuvirudisha. Mmoja wa watunzaji waliosimamia jambo hilo anaitwa Chip Colwell. Wallahi sitanii, jina lake ni Chip. Lakini kutoka kukubali hadi kufika Kenya ilikuwa mpaka mwaka 2019. Na kufikia mwaka 2023 vigango vingine 37 vilikuwa vimerudi kutoka Makumbusho ya Jimbo la Illinois.

Kwa nini ilichukua muda hivyo? Kwanza sheria. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayolazimisha makumbusho kurudisha mabaki na vitu vitakatifu vya Wenyeji wa Marekani, lakini haiwahusu Wagiriama. Aliyerudisha alirudisha kwa hiari. Pili gharama: nani analipia sanduku, bima na ndege? Tatu ni jambo la aibu kwetu wenyewe. Iliwahi kutokea shehena ya vigango vilivyorudi ikakwama uwanja wa ndege Nairobi kwa sababu ya ushuru. Babu amerudi nyumbani, anaulizwa thamani yake sokoni.

Na jambo la nne ndilo lililonikosesha usingizi. Vile viwili vya 2007 vilirudi kwenye boma lililo lao. Hivi vingine vingi vimerudi nchini, si nyumbani. Hakuna aliyeandika vilipong'olewa. Mwizi hakuandika, mwenye duka hakuandika, na aliyeng'olewa hakuwa na kamera. Kuna vigango leo vimelala kwenye ghala la serikali na hakuna anayejua ni baba wa nani.

SHIMO

Kwetu Ganze kuna shimo. Si kubwa, na wageni hulipita bila kujua. Kigango cha baba yake babu yangu kilisimama hapo, pamoja na vingine viwili vilivyobaki mpaka leo. Kiliondoka usiku mmoja katika miaka ya tisini, nikiwa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni watu wazima wakinyamaza tulipoingia, na kwamba mwaka ule mvua haikunyesha vizuri na kila mtu alikuwa na sababu moja.

Agosti, siku tatu baada ya ile habari ya mashine, Baba Mkubwa akaniambia, "Hiyo chipu ya mtoto. Tukivitia hivi viwili vilivyobaki, vikiibiwa vitapiga kelele?"

Nikamweleza. Chipu ya aina ile haina betri, haipigi kelele. Husomeka kwa sentimita chache tu, yaani mpaka uwe tayari umekishika kigango. Kile kifaa kingine cha kufuatilia kwa setilaiti kinataka kuchajiwa, kinataka laini ya simu na mtandao. Nani atachaji kigango? Na chipu inayoweza kuthibitisha kwamba hiki ni halisi, kwa mnunuzi tapeli itakuwa ni cheti cha kupandishia bei. Tena zile chipu za mtoto, mtengenezaji mwenyewe anaahidi zitatunza habari kwa miaka kumi. Muhuhu hukaa kuliko hiyo.

"Na ingebidi nitoboe," nikamalizia.

Mzee akanitazama kama mtu aliyesikia tusi. "Umtoboe nani?"

Mazungumzo ya chipu yakaishia hapo.

Lakini mimi ni fundi wa programu, na fundi akiona tatizo mkono unamwasha. Usiku ule nikaanza kutengeneza rejista. Jina la marehemu, ukoo, urefu, picha, na mahali penyewe kwa vipimo vya setilaiti. Niliwaza: familia zote za Kilifi zikiandikisha, hakuna makumbusho yatakayosema hayajui. Kilichowarudishia kina Mwakiru ndugu zao hakikuwa kufuli, ilikuwa picha. Kwa lugha yetu, si ulinzi, ni kumbukumbu ya akiba, imewekwa mahali ambapo mwizi hafiki.

Kufikia saa nane za usiku programu ilikuwa inafanya kazi. Nikatia habari za majaribio za maboma matatu ninayoyajua, nikafungua ramani. Nukta tatu nyekundu zikajitokeza katikati ya kijani cha Ganze. Ukigusa nukta, unapata picha, kimo, na njia ya kufika kwa gari.

Nilikaa nikiitazama ile ramani. Nilikuwa nimetengeneza orodha ya bei bila bei. Ufunguo ndani ya mashine, na mashine sebuleni kwa mteja. Hata nikiifunga kwa siri gani, siku moja mtu ataifungua, na mimi nitasema tena sikudanganya mtu. Nikafuta yote, pamoja na nakala zake.

TULICHOFANYA

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Ganze mimi, dada yangu na mtoto. Baba Mkubwa alimwaga mnazi, akasema maneno yake, akaeleza tumekuja kufanya nini na kwa nini. Kisha nikapiga picha. Mbele, nyuma, ubavuni. Kila ufa, kila pembetatu iliyokatika, kipimo cha kamba kando. Nilizima kwenye simu ile huduma inayoandika mahali picha ilipopigwa, na nyumbani nikahakikisha kwamba picha hazina habari yoyote iliyojificha ndani.

Picha ya mwisho nilimwomba Baba Mkubwa asimame katikati ya vigango viwili, kama alivyosimama Mzee Kalume. Mti peke yake ni sanaa. Mti wenye mtu kando yake una mwenyewe. Mjukuu wake akauliza kama naye anaweza kusimama, na mzee akamvuta kwake.

Nimezichapisha seti mbili kwenye karatasi nzuri. Moja anayo mzee, ya pili iko mahali ambapo sitapataja hapa. Nyuma ya kila picha tumeandika kwa kalamu majina: huyu ni nani, mwana wa nani, alisimamishwa na nani. Hakuna tovuti, hakuna ramani. Ni programu mbaya kuliko zote nilizowahi kutengeneza, haina hata umeme.

Tukiwa tunarudi nilimwuliza mzee kama anamjua aliyelichimba lile shimo. Alikaa kimya mpaka tukafika barabara ya lami.

"Namjua," akasema. "Alikuwa na njaa, na mtu wa mjini alimwonyesha noti. Ameshakufa naye. Nisikutajie, maana watoto wake ndio wanaonichotea maji."

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 ipo, na misitu yetu ya kaya imeingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008. Ni vizuri. Lakini kigango hakiko kwenye kaya, kiko nyuma ya nyumba ya mtu.

Kwa hiyo nina ombi moja kwako, msomaji wangu wa Kilifi, Kaloleni, Magarini, popote. Fungua lile sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi. Tafuta picha za zamani, za harusi, za mazishi, za mgeni aliyepita na kamera. Usitazame watu peke yao, tazama nyuma yao. Ukiona kigango ambacho leo hakipo, andika majina nyuma ya picha kabla anayeyajua hajaondoka, na uihifadhi. Usiitie mtandaoni. Nenda nayo kwa watu wa makumbusho ya taifa, ana kwa ana, pamoja na mzee wa ukoo.

Kwetu hatuna picha ya kile kilichoibwa. Nimetafuta. Baba Mkubwa anasema kilikuwa na pembetatu nne kifuani, na ya tatu fundi aliikosea kidogo, ikawa kubwa kuliko wenzake. Nimeandika hilo pia, kwa kalamu, kwenye karatasi iliyo juu ya zote.

Haya, tuonane tena, Mungu akipenda. Safari ijayo nitarudi kwenye kompyuta, naahidi.